Mjadala: Rekodi ya samaki izaliwe simuni dikoni, au kwenye seva?

Mleta mada, Kizingitini
Waungwana, tulijadili hili kabla wauza programu hawajatuamulia. Tuseme BMU zetu za Lamu (vikundi vya kusimamia fukwe) zinaacha daftari na kuandika mzigo unaoshushwa dikoni kwenye programu ya wavuti: chombo, aina ya samaki, kilo, bei. Karani anabonyeza "Hifadhi" na mtandao umekatika. Je, rekodi ipo au haipo? Nahodha apewe stakabadhi aende zake, au angoje seva ijibu? Mimi nasema angoje. Stakabadhi ambayo seva haiijui ni karatasi tu.

Fundi Mokowe
Angoje mpaka lini, ndugu? Samaki wako juani.

Kinachoharibu mahesabu si mtandao kukatika kabla ya kutuma. Ni kukatika baada ya seva kuandika na kabla jibu halijarudi. Karani anaona kiduara kinazunguka, anabonyeza tena, na kilo 46 za changu zinakuwa 92. Kuzima kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza hakutoshi, kwa sababu akifungua ukurasa upya kitufe kinawaka tena.

Dawa ni simu itengeneze kitambulisho chenyewe, UUID ya biti 128, yaani namba ndefu isiyojirudia kwingine. Kitengenezwe fomu inapofunguliwa, si kitufe kinapobonyezwa. Wengi hukosea hapo, kila mbonyezo ukazaa kitambulisho kipya na tatizo likabaki vilevile. Rekodi iandikwe kwanza kwenye hifadhi ya kivinjari (IndexedDB), ndipo itumwe kwa PUT (ombi la wavuti la kuweka kitu mahali palipotajwa) kwenye anwani yenye kitambulisho hicho. Ikifika mara ya kwanza, seva ijibu 201, yaani imeundwa. Ikifika tena na yaliyomo ni yaleyale, ijibu kuwa ipo na isiandike kitu. Ikifika na kilo tofauti, ikatae kwa 409, yaani mgongano. Ulinzi wenyewe uwe kwenye jedwali, yaani sharti la upekee: kitambulisho kimoja, safu moja tu. Ukitegemea tabaka la huduma (msimbo wa seva ulio kati ya ukurasa na jedwali) litazame kwanza kama rekodi ipo ndipo liingize, maombi mawili yakija pamoja yote mawili yataona haipo.

Chagueni toleo la 7 la UUID, lililoingia kwenye kanuni za mtandao za RFC 9562 mwaka 2024. Linaanza na wakati, kwa hiyo rekodi mpya hukaa jirani kwenye faharasa ya jedwali. Toleo la 4, la nasibu, huzitawanya.

Mtunza Hesabu, Amu
Fundi, hiyo UUID ina herufi na tarakimu 32 ukiondoa vistari. Nani ataisoma kwenye mkutano wa wanachama? Watu wanataka 415, 416, 417. Ikikosekana 416, kuna mtu atauliza samaki wa 416 walikwenda wapi, na ana haki. Namba itoke kwenye seva, kwa mfuatano.

Fundi Mokowe
Hata namba ya seva itaruka, Maalim. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL mfuatano ukishatoa namba hairudishwi, hata muamala (maandishi yanayokubaliwa yote au kuachwa yote) ukivunjwa. Rekodi ikikataliwa kwa sababu kilo ni sifuri, 416 imeshapotea na hakuna aliyeiba. Ukitaka namba zisizoruka inabidi uweke safu moja ya kihesabio, uifunge ndani ya muamala uleule, na wengine wapange foleni nyuma yake. Kwa duka kubwa la mtandaoni hilo ni balaa. Kwa diko, hata kaskazi iwe imejaza vyombo, foleni hiyo haitaonekana.

Mzani wa Faza
Mbona vitabu vya stakabadhi vilishamaliza ubishi huu? Kila karani ana kitabu chake chenye namba zilizochapwa tayari. Kila simu ipewe mfululizo wake: KZ-B-0417, yaani Kizingitini, simu B, rekodi ya 417. Nahodha anaondoka na namba inayosomeka hata bila mtandao, na UUID inabaki ndani kwa ajili ya mitambo. Tahadhari ni moja: mtu akifuta data za kivinjari, kihesabio kinaanza upya 0001. Kwa hiyo simu ikisajiliwa upya seva iipe herufi mpya, KZ-C, isirudie B kamwe.

Binti Shela
Mnagombana juu ya namba, na hasara kubwa inatoka kwenye matukio. Rekodi ikiundwa kuna wanaosubiri habari: jumla ya siku, ushuru wa BMU, SMS ya mwenye chombo, taarifa ya kaunti. Huduma ikituma SMS kabla muamala haujathibitishwa kisha muamala ukavunjika, mwenye chombo ana ujumbe wa rekodi isiyokuwepo. Ikithibitisha kwanza, halafu seva ikazima kabla ya kutuma, ushuru haujui kitu.

Tukio liandikwe kwenye jedwali la matukio yanayosubiri kutoka, ndani ya muamala uleule wa rekodi. Mtumaji wa pembeni asome jedwali hilo na kusambaza. Atarudia mengine, hilo halikwepeki, kwa hiyo kila mpokeaji ahifadhi vitambulisho vya matukio aliyoyamaliza. Na jumla ya siku isiongezwe 46 kila tukio likija. Ipigwe upya kutoka kwenye rekodi za diko na siku husika. Tukio libebe kitambulisho cha rekodi tu. Namba ya simu na ya kipande cha nahodha hazina kazi humo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka tuchukue kinachohitajika pekee.

Simu isitangaze "rekodi imeandikishwa". Simu inaomba, seva ndiyo inayotangaza. Hapo mleta mada yuko sawa.

Mleta mada, Kizingitini
Ahsante bibie. Basi ziwe hali mbili kwenye skrini, "Imepimwa" na "Imeandikishwa", na ushuru usidaiwe mpaka ya pili. Lakini simu ikitumbukia majini kabla ya kutuma?

Fundi Mokowe
Imekwenda. Hata isipotumbukia, kivinjari kinaweza kufuta hifadhi yake simu ikijaa, isipokuwa programu imeomba hifadhi ya kudumu na ikakubaliwa. Kwa hilo sipingi karatasi ya nakala ibaki dikoni.

Mzani wa Faza
Na saa, jamani. Chombo kikishusha saa nane usiku, ni 02:00 kwetu, na 23:00 ya jana kwa saa ya UTC (saa ya kimataifa). Siku ikikatwa kwa UTC mzigo unaingia jana. Karani naye akiandika "8" akimaanisha saa nane, programu inaelewa asubuhi. Wekeni vitufe vya alfajiri, asubuhi, mchana, usiku. Hifadhini nyakati mbili, ya kupima na ya kupokelewa, maana saa za simu hudanganya.

Mtunza Hesabu, Amu
Kuna moja UUID haiwezi. Makarani wawili wakipima chombo kilekile kwa simu mbili, ni rekodi mbili halali. Mkikataza chombo kuandikwa mara mbili kwa siku, mtamwonea anayeshusha asubuhi na jioni.

Binti Shela
Seva isikatae, iweke alama tu: chombo kimoja, aina moja, kilo zinazokaribiana, ndani ya nusu saa. Mtu aamue. Ya ziada isifutwe. Ibatilishwe kwa rekodi nyingine inayoitaja.

Mtunza Hesabu, Amu
Na anayebatilisha asiwe aliyepima. Hilo liwekwe kwenye tabaka la huduma, si kuficha kitufe tu.