Tupeane uzoefu: mtaani kwenu mnalindanaje na wezi?

Mama wa Kaptembwa (Nakuru), mwanzisha uzi

Hamjambo wote. Nianze na aibu yangu. Jumanne nimerudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni nikakuta kufuli limekatwa na mtungi wa gesi haupo. Wa kilo 13, nimeujaza Jumapili! Hawakugusa kingine, hata runinga.

Ploti yetu ina vyumba 14, mlango kwa mlango. Nikaanza kuuliza. Mama wa nambari 6 alikuwa anafua nje: "Nilimwona kijana ameubeba begani, nikadhani ni yule wa kuleta gesi." Wa nambari 9 alimpisha kwenye koridoa, tena akampa pole kwa mzigo. Mtoto wa keateka (mtunza ploti) ndiye aliyemfungulia geti. Yaani mwizi wangu alisindikizwa.

Gesi nitanunua nyingine. Lakini nimekaa hapo miaka miwili na hakuna hata mmoja aliyekuwa na namba yangu anipigie aulize, "Umeagiza gesi?"

Nipeni yaliyowatokea, yaliyofanya kazi na yaliyoharibika. Ya "tuwe macho" tumeshayasikia kwenye baraza ya chifu.

Dereva wa Rhonda

Pole dada. Kwetu walihamisha nyumba nzima saa tano asubuhi kwa pikapu, kitanda, kochi, hadi mapazia, na vijana wa hapo nje wakawasaidia kupakia wakalipwa mia mbili.

Tangu siku hiyo anayehama anamwambia keateka siku moja kabla, na keateka anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp: "Nambari 3 anahama kesho saa nne." Pikapu ikija bila ujumbe huo, yeyote aliye nyumbani anaenda kuuliza, hata kama ni nyanya wa mtu.

Kingine ni salamu tu. Ukiona sura ngeni ndani ya geti: "Karibu, unamtafuta nani?" Mgeni wa kweli hufurahi kuelekezwa. Yule mwingine hubahatisha jina. Mke wangu aliambiwa "namtafuta Kevo". Kila ploti Nakuru ina Kevo, ila yetu, kwa bahati, haina.

Nyar Manyatta (Kisumu)

Njia yetu kutoka stejini ina kama hatua mia mbili za giza. Mulika mwizi iko, ile taa ya mlingoti mrefu, lakini ikizimika huwa tunarudi kwa mulika mwizi ya mfukoni, kale kasimu ka tochi.

Tukakubaliana kila nyumba inayotazama njia iwashe balbu moja nje. Weee, vita! Tokeni ya umeme ya nani? Mpangaji au mwenye nyumba? Vikao viwili tunabishana. Cha tatu, mzee mmoja mstaafu akaja na karatasi. Balbu ya wati 9, ikiwaka saa 12 kila usiku, mwezi mzima inakula yuniti tatu na kitu. Hesabu yuniti kwa shilingi 30, hiyo ni kama mia moja. Akavua miwani akatuangalia: "Mnagombana kwa chapati tano?" Watu waliona haya. Mwenye nyumba mmoja tu alikataa, na simu zimenyakuliwa mbele ya ukuta wake mara mbili tangu hapo. Mimi sisemi kitu.

Halafu nduru. Kwa nduru sisi hamtuwezi. Shida ni kwamba zamani ikipigwa, kila mwanamume alitoka kivyake na panga, gizani, mbio. Usiku mmoja jirani akamkata jirani mwenzake mkono akidhani ndiye mwizi. Nyuzi saba. Mwizi mwenyewe alikuwa ameshavuka mtaro zamani. Siku hizi kila nyumba ina filimbi. Ukiisikia, unawasha taa zote na kupiga kelele ukiwa ndani, na hutoki mpaka muwe watatu mnaoitana kwa majina.

Fundi wa Free Area

Si muweke kamera tu?

Dereva wa Rhonda

@Fundi wa Free Area ya ploti jirani iliibwa yenyewe. Picha ya mwisho ni kiganja cha mtu.

Mkulima wa Mumias

Nyinyi wa mjini mnalia gesi, sisi ni ng'ombe. Huku wanakuja usiku wa mvua kubwa, kwa sababu mabati yakipigwa na mvua husikii zizi likifunguliwa. Hawamsafirishi akiwa hai. Wanampeleka katikati ya miwa, wanachinja, asubuhi unakuta kichwa, ngozi na kwato. Nilipoteza fahali hivyo. Nilimtambua kwa kamba shingoni, maana niliisuka mimi.

Liguru wetu, mkuu wa kijiji, alikuwa na akili kuliko sisi tuliotaka kushinda tumekesha. Aliuliza swali moja: hiyo nyama inaenda wapi? Kilo mia na kitu haziliwi na watu wanne. Akawaita wenye bucha wa sokoni na wapika supu, tukakaa nao chini ya mwembe. Nyama isiyo na mhuri wa mkaguzi hainunuliwi, na anayeletewa gunia alfajiri anampigia liguru kabla ya kujibu bei. Mmoja alipiga kweli. Wawili wakashikwa na gunia bado lina damu.

Kukesha tunakesha pia, lakini usiku wa mvua tu, kwa zamu ya boma nne nne. Usiku mkavu tunalala. Tuliojaribu kukesha kila siku tulichoka ndani ya wiki tatu.

Boda wa Kondele

Mimi nina lile baya. Mwaka juzi ilipigwa "mwizi!" karibu na steji yetu. Tulifika kama thelathini. Kijana alikuwa chini, shati limeraruka, na tairi limeshaletwa. Nami nilikuwa nimeokota jiwe, siwezi kudanganya. Mama mmoja muuza omena akalala juu ya huyo mtoto akasema basi mtuchome wawili. Kimya. Akiwa amelaliwa hivyo ndipo kijana akapata nafasi ya kutaja nyumba aliyotoka. Kumbe mpwa wa mpangaji, amefika jana kutoka Siaya, alikuwa anajaribu funguo kwenye mlango usio wake. Milango yote ni ya bluu.

Lile jiwe bado naliota.

Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu aliyemwona akitenda kosa kubwa, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Steji yetu imeandika namba ya kituo, na 999 na 112, kwa rangi kwenye kibanda. Wawili tu ndio huruhusiwa kumshika mtu, wengine wanazunguka wakiwa wamegeuza migongo. Inaonekana ya kuchekesha, lakini mtu aliyegeuza mgongo harushi jiwe.

Mjukuu wa Kisii

Asante Boda. Mtu akitaja "vijana wa ulinzi" mwili unanisisimka. Sungusungu, kikundi cha ulinzi cha wanakijiji, kwetu ilianza na nia hizihizi, baadaye watu wakawa wanaiogopa kuliko wezi. Ukigombana na mtu kwa shamba, jina lako linapelekwa kwao.

Mwalimu wa Busia

Nyumba Kumi, ule mpango wa serikali wa majirani kulindana, ilipoletwa mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, wazo likiwa limeazimwa kwa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, sisi tuliigeuza mara moja kuwa mchango. Mia mbili kila nyumba kwa soja (mlinzi). Miezi minne mizuri, wa tano kiongozi akahama na pesa. Sasa pesa inashikwa na wawili wasio ndugu, na ujumbe wa malipo ya soja unabandikwa kwenye kikundi siku hiyohiyo.

Jambo ambalo watu hudharau ni OB, kitabu cha matukio cha polisi. Ukiibiwa hata sufuria, nenda kituoni uandikishe, uchukue namba. Tulikuwa tunalalamika doria haipiti, kumbe kwenye kitabu njia yetu haina tukio hata moja! Tulipokusanya namba saba na kumpelekea OCS, mkuu wa kituo, gari la polisi lilianza kuonekana. Si kila usiku, lakini linaonekana.

Mama wa Kaptembwa, mwanzisha uzi

Nimesoma zote, ya omena nimeirudia mara mbili. Leo jioni nimebisha milango yote 14 na daftari la mtoto. Kumi na mmoja wamenipa namba. Mmoja amekataa, mmoja hayuko, na wa mwisho ni mimi. Mama wa nambari 6 amenikaribisha chai, akaniambia yeye hulala na mlango umeegemezwa na meza kwa sababu komeo lilivunjika mwezi wa pili na anaogopa kumwambia mwenye ploti. Kesho namleta fundi, tutagawana.

Nimenunua na mtungi mwingine. Nimeuandika nambari yangu ya mlango, 11, chini kwa rangi ya kucha, nyekundu.

Dereva wa Rhonda

Huyo aliyekataa anakaa nambari ngapi?

Mama wa Kaptembwa, mwanzisha uzi

9. Yule wa pole kwa mzigo. Usianze.