Msitu wa mtaa: tulifyeka lantana yote, imerudi nene kuliko mwanzo. Tumekosea wapi?

Jirani wa Msituni
Wadau, habari zenu. Tuko kaya kama 40 tunaopakana na bustani ya msitu ya ekari 6, na kibali cha maandishi cha kuitunza tunacho. Mvua zilipoanza tulijitokeza wengi kwa siku moja: tukafyeka lantana, kile kichaka kivamizi, kwa mapanga, tukafagia majani makavu yote, tukapanda miche 200. Sasa lantana imefunga tena, zaidi ya nusu ya miche imekauka, na njia ya mteremkoni imegeuka mfereji. Tuanzie wapi?

Kisiki
Pole, jirani. Panga haliui lantana. Ukiikata juu, shingo ya mzizi iliyo chini kidogo ya udongo inatoa machipukizi mengi kuliko mashina uliyoondoa. Kata ubakize kisiki cha sm 30, kiwe cha kushikia. Chimba kukizunguka kwa sururu, kisha ng'oa shingo nzima. Matawi uliyokata usiyalaze kwenye udongo wenye unyevu, yanaweza kuota mizizi; yarundike juu ya magogo yakauke.

Kosa kubwa zaidi ni kufyeka yote kwa mpigo. Jua likipiga ardhi iliyo wazi, mbegu zilizolala humo zinaota pamoja, na ndege wanaendelea kuleta nyingine. Anzeni pale msitu ulipo mzima, penye magugu machache, mwende polepole kuelekea palipoharibika. Msisogee mbele mpaka mimea ya asili iwe imeshika nafasi mliyoacha nyuma. Dada wawili, Joan na Eileen Bradley, waliijenga mbinu hii Sydney, Australia, kuanzia miaka ya 1960, na huko pia lantana ni tatizo sugu. Watu sita wanaorudi kila wiki kwenye kipande cha mita 10 kwa 10 wanafaa kuliko umati wa siku moja. Palipokwisha safishwa, piteni kila baada ya wiki 6 mng'oe miche ya lantana kwa mkono, udongo ukiwa bado laini.

Mama Kitalu
Majani makavu msiyafagie tena, tafadhali. Hayo ndiyo blanketi na mbolea ya msitu. Ondoeni yaliyo njiani tu, na hayo yapelekeni kwenye miche: matandazo ya sm 5 hadi 10, yakae mbali na shina upana wa kiganja. Yakigusa shina, gome linaoza.

Kuhusu miche, ng'oeni mmoja uliokufa muutazame. Mkiikuta mizizi imejizungusha kwa umbo la kiriba (kifuko cha kuoteshea miche), basi ilipandwa bila kunyooshwa au kukatwa ile inayozunguka. Angalia pia shina lilipoanzia mizizi: likiwa limefukiwa, shimo lilikuwa refu mno. Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya kiriba, kina kisizidi kiriba. Mwagia lita 10 mara mbili kwa wiki msimu wa kiangazi, polepole, maji yazame. Kabla ya kupanda, hesabuni nani atamwagilia. Kama mna watu wa kumwagilia miche 30, pandeni 30.

Fundi Njia
Huo mfereji msiujaze udongo, mvua ya kwanza itauzoa. Yatoeni maji njiani kwanza. Chukua gogo gumu lenye kipenyo cha sm 15 hadi 20, lipite kingo zote mbili za njia kwa sm 30. Lifukie theluthi mbili. Lisikatize njia moja kwa moja, maji yatatuama kisha yaruke juu. Lilaze mshazari, nyuzi 30 hadi 45, ncha ya chini ielekee upande wa bonde. Hapo chimba mlango wa maji wa kutosha koleo. Mimina ndoo moja juu yake utazame: yakitoka yote pembeni, umeweza. Kwenye mteremko mkali weka kila mita 10 hadi 15. Magogo mengi huacha kufanya kazi kwa sababu mlango umejaa tope, kwa hiyo uzibueni kabla ya kila msimu wa mvua.

Jirani wa Msituni
Asanteni sana. Kuna mti mmoja umekauka umesimama, na matawi mawili yanainamia njia. Tukate?

Kisiki
Mti mkavu, ukiwa mbali na njia kuliko urefu wake, uacheni. Vigong'ota na nyuki wanakaa humo. Ukiweza kuangukia njia, mwiteni mkataji mwenye ujuzi.

Tawi jembamba mnalolifikia mkiwa chini lina mikato mitatu. Wa kwanza kutokea chini, sm 30 kutoka shinani, robo ya unene. Wa pili juu, sm chache mbele yake, tawi lianguke bila kuchana gome. Wa tatu unaondoa kibaki, nje kidogo ya uvimbe ulio shingoni mwa tawi. Uvimbe huo msiuguse, ndio unaofunga kidonda. Rangi msipake. Na kila mwenye panga au msumeno awe mita 3 kutoka kwa mwenzake.