Obama, Clinton, McCain: nani alikuwa na uamuzi bora kuhusu vita vya Iraq?

Mpigakura: Wakuu, nawalinganisha wagombea hawa watatu wa urais wa Marekani mwaka 2008 kwa Iraq tu. Oktoba 2002 maseneta Hillary Clinton na John McCain waliunga mkono azimio la vita, lililopita Seneti kwa kura 77 dhidi ya 23. Obama alilipinga hadharani Chicago tarehe 2 mwezi huohuo. Hilo linatosha kumweka mbele?

Msomakumbukumbu: Linamweka mbele, ila halitoshi. Wakati ule alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, kwa hiyo hakupiga kura. Uzito uko kwenye hoja zake: jeshi la Saddam, mtawala wa Iraq, limedhoofika, na Marekani itaikalia nchi ile bila kujua kwa muda gani wala kwa gharama gani. Ndivyo ilivyokuwa.

Bahari7: Kwa Clinton, usiishie kwenye kura ya mwisho (namba 237 ya Seneti mwaka ule). Soma marekebisho yaliyoshindwa kabla yake. La seneta Levin lilitaka kibali cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na kikikosekana Rais arudi Bungeni kuomba kura nyingine. Lilipata 24 dhidi ya 75, na Clinton alilikataa. La seneta Byrd la kuweka ukomo wa mwaka mmoja aliliunga mkono, likaanguka 31 kwa 66. Yaani alitaka breki ya muda, akakataa breki ya kurudi Bungeni, na hii ya pili ndiyo ingezuia uvamizi wa Machi 2003. Kwangu hilo ndilo kosa lake kubwa.

Pia kulikuwa na tathmini ya kijasusi kuhusu silaha za Iraq, ya kama kurasa 90, yenye pingamizi la wachambuzi wa Wizara ya Mambo ya Nje kuhusu madai ya mpango wa nyuklia. Bob Graham, mwenyekiti wa Kamati ya Ujasusi ya Seneti, aliisoma akapiga kura ya hapana. Clinton alitegemea maelezo aliyopewa kwa mdomo.

Nyota ya Kusini: Sawa, lakini mfuateni Obama mpaka ndani ya Seneti. Kuanzia 2005 alipitisha fedha za vita kama Clinton. Juni 2006 wote wawili walikataa pendekezo la seneta John Kerry la kuweka tarehe ya kuondoka. Mei 2007 wote wakakataa fedha zisizo na ratiba. Kwa kura tu, ni vigumu kuwatenganisha.

Msomakumbukumbu: Tahadhari kuhusu kura za fedha. Mwaka 2003 Kerry aliunga mkono dola bilioni 87 kwa sharti la kupunguza nafuu ya kodi ya matajiri, kisha akakataa muswada wa mwisho. Mwaka 2004, alipogombea urais, wapinzani wake walimwita kigeugeu kwa hilo. Someni masharti ya kila muswada kwanza.

Mpigakura: Na McCain?

Nyota ya Kusini: Alidai wanajeshi zaidi tangu 2003. Januari 2007 Rais Bush alipoongeza zaidi ya 20,000, Obama alisema ghasia zitazidi. Kufikia 2008 zilikuwa zimepungua sana. Hapo McCain aliona mbali.

Bahari7: Sehemu tu, ndugu. Makabila ya mkoa wa Anbar, magharibi mwa Iraq, yaligeuka dhidi ya al-Qaeda tangu 2006, na Muqtada al-Sadr, kiongozi wa wanamgambo wa Kishia, alisimamisha mapigano Agosti 2007. Isitoshe, nyongeza ile ilikusudiwa kuwapa wanasiasa wa Baghdad nafasi ya kupatana. Sheria ya kugawana mapato ya mafuta ya Iraq, kigezo kimojawapo cha Bush mwenyewe, ilikuwa bado haijapita Wamarekani walipopiga kura Novemba 2008.