Shangazi anaambiwa mwanamke hauzi kibanja cha ukoo. Nani anaijua kesi ya yule mama wa Muleba?

Mjukuu wa Muleba aliuliza:
Habari zenu ndugu. Shangazi yangu ni mjane, umri umekwenda na miguu imeanza kumgomea. Babu alimwachia kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kwa wosia wa maandishi, na miaka yote ni yeye aliyekitandazia nyasi na kupogoa migomba. Sasa anataka kuuza kipande cha chini apate hela ya matibabu. Wanaume wa ukoo wamekaa kikao, wakamwambia ana haki ya kula ndizi tu, kuuza hana. Nasikia kuna mama wa hukohuko Muleba, mkoani Kagera, aliyewahi kushinda kesi kama hii. Ni kweli?

Kahawa Chungu:
Pole kwa shangazi. Ila kibanja kina makaburi ya wazee. Akimuuzia mtu baki, makaburi yanakuwa ya nani?

Mama Msaidizi wa Sheria:
Ni kweli, mwanangu. Anaitwa Holaria Pastory. Baba yake alimwachia ardhi kwa wosia, kama shangazi yako. Alipozeeka akaona hana wa kumtunza, na Agosti 1988 akamuuzia Gervazi Kaizilege, asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Kesho yake tu! Hapo ndipo huwa naumia. Bibi akikosa wa kumtunza ukoo hauonekani, akiuza ukoo uko mahakamani.

Kashasha walimpa Bernardo ushindi, Mahakama ya Wilaya ikaupindua, shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza. Kikwazo kilikuwa kanuni ya 20 ya urithi katika tangazo la sheria za mila la 1963: mwanamke aweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu maisha yake, haruhusiwi kuuza. Mwaka 1968 Bi Verdiana Kyabuje na wenzake waliipinga mila hiyohiyo; Mahakama Kuu ikawaonea huruma, na bado ikasema haiwezi kwenda kinyume na mila.

Kilichobadilika ni Katiba. Haki za binadamu ziliingizwa mwaka 1984, na 1985 Tanzania ikaridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaishika ibara ya 13(4) ya Katiba, inayokataza ubaguzi, akasema kanuni ile ni ya kibaguzi, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Mauzo ya Bi Holaria yakasimama.

Baada ya hapo akina mama wa mashirika ya kutetea wanawake, TAMWA, TAWLA na TGNP, walipigania jambo hilo liingie kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Na baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu lazima wawe wanawake.

Bw. Kahawa, makaburi nayaheshimu. Eneo la makaburi linaweza kuachwa nje ya mauzo. Na kama ukoo unakitaka kibanja kizima, ukinunue wenyewe kwa bei ambayo mtu baki angetoa.

Mjukuu wa Muleba:
Shikamoo mama, na asante sana. Je, asingekuwa na wosia?

Mama Msaidizi wa Sheria:
Marahaba. Ingekuwa vita ngumu zaidi. Kanuni za 1963 zinamweka binti daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kuwa ni za kibaguzi, ikakataa kuzifuta. Walifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliona Tanzania imevunja haki zao.

Kwa hiyo wosia huo mtoe nakala leo, halisi usikae kwa mjomba yeyote. Kikao cha ukoo si mahakama. Kabla hajapokea hata senti, apeleke ombi kwa halmashauri ya kijiji, maana ardhi ya kijiji haiuzwi bila idhini yake. Wakimzungusha, niandikie faragha, nitakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu naye. Hawatozi chochote.