Naomba ushauri: kuweka tyubu ya TV ya chogo kwenye mashine ya gemu ya zamani

Wakuu habari zenu, hasa mafundi wa TV za chogo.

Nina mashine ya gemu ya miaka ya 80, ile ya kusimama na kutumbukiza sarafu. Monita ni inchi 19, shasi (bodi yake ya umeme) ni nzima, ila tyubu (kioo cha picha) imechoka: picha hafifu, nyekundu inavuja pembeni. Hita inawaka, kapasita nimebadilisha, skrini ya flaibeki (kirekebisho kwenye transfoma ya volti kubwa) nimeipandisha mpaka mistari ya kurudi, ile myeupe ya mwanga ukizidi, ikaonekana. Hakuna nafuu.

Nimepata TV ya chogo Gerezani, kioo bado kikali. Shingo ni milimita 29 kama ya zamani, pembe ya kupinda miale nyuzi 90 zote mbili, na pini za soketi zinalingana. Kasheshe ni yoki, yaani koili za shingoni mwa tyubu zinazopinda miale: koili ya mlalo ya TV inasoma omu nyingi kuliko ya monita. Fundi mmoja Kariakoo kaniambia "chomeka tu, itawaka". Kuwaka itawaka, lakini naihofia transista ya mlalo, inayoendesha koili hiyo, isiungue, na shasi kama hii hapa Dar ni ya kutafuta kwa tochi.

Je, nihamishie yoki ya zamani kwenye tyubu ya TV kisha nipange upya ringi za sumaku na kabari za kulinganisha rangi? Au yoki ya TV inafaa, mradi nipime henri zake (indaktansi ya koili) badala ya kutegemea omu?