Naomba ushauri: nichague kipaji au nizibe pengo?

Wakuu, nafundisha timu ya kikapu ya mtaani hapa Moshi. Jumamosi makocha tunagawana vijana wapya kwa zamu, na wa kwanza kuchagua ni mimi. Kijana bora kuliko wote ni mchezeshaji, ila nafasi hiyo ninao wawili wazuri. Ninachokosa ni mrefu wa kudaka ribaundi, yaani mipira inayokosa kikapu na kurudi. Yupo mmoja, mikono bado mizito.

Mwaka 1984, NBA kule Marekani walipogawana wachezaji wapya hivyo hivyo kwa zamu, timu ya Portland walimchukua Sam Bowie kwa urefu wake wakamwacha Michael Jordan, maana tayari walikuwa na Clyde Drexler wa nafasi hiyo hiyo ya Jordan. Hata Hasheem Thabeet wetu, yule mrefu, 2009 alichaguliwa wa 2. Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, wa 7. Moyo unaniambia kipaji kwanza. Lakini msimu uliopita tulionewa sana chini ya kikapu, vijana wakatoka wanalia.

Mliowahi kufundisha, mngemchukua nani?