Gari lililokukwamisha Krismasi ukienda nyumbani: tupeane uzoefu

Mama Watatu, Sakina

Wakuu, habari za asubuhi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la gereji huku Unga Limited, Arusha, tangu saa mbili. Leo tarehe 22. Gari letu liliingia hapa tarehe 17 kwa sababu lilikuwa linachemsha likipanda Ngaramtoni. Fundi akasema ni rejeta imeziba, kazi ya siku moja. Kesho yake ikawa wota pampu. Keshokutwa tukakuta ameshafungua silinda hedi bila kutuuliza, na hedi haipo, imepelekwa kwenye mashine. Kila nikimuuliza ananijibu, "Mama, imebaki kufunga tu."

Mama mkwe wangu yuko Mwika, Uchagani. Ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi, ameshachemsha, anatuuliza tunafika lini ili achanganye ulezi. Waliokulia kule mnajua mbege haimsubiri mtu, ikipitiliza inakuwa kali haifai. Mwaka jana tulifika tarehe 26 kwa sababu ya gari hili hili. Tulimkuta sahani amezifunika kwa kawa, nyama ya wajukuu ameitenga tangu jana yake, na hakutusema hata neno moja. Kimya kile mpaka leo sijakisahau. Ana miaka 81.

Mume wangu naye amekuwa mkali, ukitaja gari tu anatoka nje. Naombeni uzoefu wenu, mliopita hapa mlifanyaje?

Baba Pacha

Hiyo "imebaki kufunga tu" mimi ilinila siku 11. Pole sana mama.

Fundi wa Majengo, Moshi

Mimi ni fundi, naomba niseme upande wetu. Gari inaanza kuchemsha mwezi wa nane. Mwenye gari anaongeza maji ya bomba, anatembea. Mwezi wa kumi anaongeza maji, anatembea. Tarehe 17 Desemba analeta, anataka tarehe 18 aende Rombo na watu saba na gunia tatu. Hapo rejeta imejaa kutu, gasketi imeungua, hedi imepinda. Hedi iliyopinda lazima isawazishwe kwenye mashine, na mashine mwezi huu zina foleni kama ya sikukuu yenyewe. Ukifunga bila kusawazisha unaua gasketi mpya kabla hujafika Himo.

Kosa la huyo fundi ni kufungua hedi bila kumwambia mwenye mali. Hilo silitetei.

Mama, kabla hujalipa, fungua mfuniko wa oili. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia kwenye injini, basi amwage oili yote aweke mpya. Asikudanganye kwamba itajisafisha. Akishafunga, awashe mbele yako mpaka injini ipate moto na feni izunguke, halafu azime, muwashe tena.

Shemeji wa Rombo

Mwambie atoe thermostati moja kwa moja. Mimi nilitoa, sijachemsha tena.

Fundi wa Majengo, Moshi

Shemeji, hapana. Thermostati ndiyo inayoizuia injini isifanye kazi ikiwa baridi. Ukiitoa unakula petroli bure na injini inalika. Kama imekwama, weka mpya. Bei yake ni ndogo kuliko gasketi.

Shemeji wa Rombo

Nimetembea miaka minne bila hiyo kitu, Arusha mpaka Tarakea. Mnataka tu kuuza spea.

Mwalimu Boma

Tarakea asubuhi ya baridi, na bila thermostati? Angalia unavyojaza mafuta shemeji, jibu liko hapo.

Mpare wa Mwanga

Wachaga mnatoka Arusha mpaka Moshi, kilomita themanini tu, mnafungua uzi mzima wa malalamiko. Watani, sisi tunatoka Dar siku nzima na makande yetu na hatusikiki.

Baba Pacha

Mtani, mnasafiri kimya kwa sababu mkiongea mtaombwa kuchangia mafuta.

Kaka Mdogo, Machame

Nimesoma habari ya zile sahani zilizofunikwa nikaona leo niseme. Sijawahi kuisimulia.

Desemba 2019 nilimwazima kaka yangu gari. Nilikuwa na safari ya ukweni, nikaona aibu kufika na Coaster. Narudi Arusha, tulipopita Boma mshale wa joto ukapanda. Niliuona, sitamficha mtu. Nikasema nitasimama mbele, nitasimama mbele, kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Karibu na njia ya uwanja wa ndege wa KIA injini ikalia mlio ambao mtu akishausikia mara moja hausahau. Ikanoki.

Kaka akataka nimlipe injini, milioni mbili na laki nne. Nikamjibu kwamba alinipa gari bovu. Tukasemana mbele ya baba, tukataja mpaka mambo ya utotoni, nani alisomeshwa na nani aliuziwa ng'ombe. Krismasi tatu hatukukaa pamoja. Mzee alikuwa akichinja anagawa nyama kama kawaida, kila mtu na fungu lake, na la kaka linapelekwa kwake na mtoto. Kaka anakaa upande wa pili wa mfereji tu, mkiongea kwa sauti anawasikia. Mzee aliniambia mara mbili, "Wewe ndiye mdogo, chukua isale umpelekee." Nikakataa. Nilisema isale, lile jani ambalo sisi Wachaga tunaombea msamaha, ni la mwenye kosa.

Tarehe 24 Desemba 2022 natoka Arusha na gari langu mwenyewe, nimenunua kwa jasho, niko na mke na mtoto wa miezi minne. Saa mbili usiku, Kwa Sadala, gari likachemsha. Mvua inanyesha. Kwa hasira nikakamata mfuniko wa rejeta nikaufungua hapo hapo. Maji yakaruka, yakaniunguza mkono kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Nikapiga kelele mpaka watu wa maduka wakatoka.

Mke wangu alipiga simu bila kuniambia anampigia nani. Baada ya nusu saa nikaona taa za pikapu, akashuka kaka na kamba. Hakunisalimia. Alimchukua mtoto akamweka mbele kwake pamoja na mama yake, akanitazama mkono, akasema, "Panda." Alinipeleka kwanza zahanati. Ndipo tukarudi, akafunga kamba, akanivuta mpaka nyumbani. Njia nzima nashika usukani kwa mkono mmoja, naangalia taa zake nyekundu mbele yangu, mlima ule wote.

Tulipofika alianza kufungua kamba. Nikawasha tochi ya simu nikaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, pale masale yalipopandwa na babu. Nikakata moja. Nikarudi nikamnyooshea, nikiwa sijui hata nianze na neno gani.

Akalipokea. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Ungesimama pale pale mshale ulipopanda." Halafu akasema, "Twende ukale."

Tangu mwaka uliofuata namlipa laki mbili mbili. Bado laki sita.

Binti Kibosho

Nimesoma nikiwa kwenye daladala, konda ananiuliza dada vipi. Ahsante kaka.

Baba Pacha

Hapo pa taa nyekundu, dah.

Mkulima Usa

Mimi nasema tofauti. Isale ni jani. Injini ni milioni mbili na nusu. Huwezi kuua mali ya mtu ukampa jani yakaisha.

Mzee wa Old Moshi

Kijana wa Usa, soma vizuri. Analipa. Isale halifuti deni, linafungua mdomo ili deni lizungumzwe. Bila hilo jani wangekuwa wanadaiana kwenye kaburi la baba yao. Mtu akikujia na isale ukalikataa, ni wewe sasa unayetafutwa na ukoo.

Mkulima Usa

Sawa mzee, shikamoo. Lakini mwenye gari naye alijua lina tatizo, kwa nini aliazimisha?

Kaka Mdogo, Machame

Nijibu hilo. Kaka aliniambia mwenyewe mwaka 2023 kwamba feni ilikuwa inagoma mara mojamoja na hakunieleza, alidhani haitatokea. Alisema hayo mbele ya mzee. Ndiyo maana simlaumu mtu. Mimi niliuona mshale.

Shemeji wa Rombo

Na mkono ulipaka nini? Dawa ya meno inasaidia sana, na asali.

Nesi Pasua

Tafadhali msimpake mtu dawa ya meno. Sehemu iliyoungua iweke kwenye maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na saa kabla haijavimba, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Kila Desemba tunapokea mikono ya rejeta. Maji ya kwenye rejeta yako kwenye mgandamizo, yanapita joto la maji ya kuchemka sufuriani. Zima gari, kaa nusu saa au zaidi, kunywa hata soda. Ukigusa hozi ya juu na bado ni ngumu, usifungue.

Mwalimu Boma

Naongeza kwa wanaoshuka tarehe 26 na 27 kutoka Marangu au Mkuu. Msishuke na breki peke yake mpaka harufu inaingia ndani. Weka gia ndogo, otomatiki weka 2 au L, acha injini ikushikilie. Mliopakia ndizi mpaka kwenye keria ndio nawaambia zaidi.

Mtoto wa Uru, Dar

Mimi tangu treni ya Moshi iliporudi Desemba 2019 nimeacha kuendesha. Watoto wanalala, mama anakuja kunipokea. Kijijini wanasema nimefilisika, waseme.

Binti Kibosho

Mama Watatu, mama mkwe wako anataka wajukuu. Pandeni Coaster. Gari litafuata.

Shemeji wa Rombo

Coaster tarehe 23? Watoto watatu mtawabeba mapajani mpaka Himo, na nauli inapanda. Heri mkodi Noah muwe watu wa nyumba moja.

Mama Watatu, Sakina

Nimerudi, sasa saa kumi na moja jioni. Hedi imeletwa. Nimefungua mfuniko wa oili kama fundi wa Majengo alivyosema, ni chai ya maziwa kabisa. Nimemwonyesha fundi wetu, ameinamisha kichwa, amekubali kumwaga yote. Gasketi nimeinunua mwenyewe dukani.

Mume wangu nimemsomea habari ya Kaka Mdogo hapa hapa kwenye benchi. Hakusema kitu, ila alichukua simu akampigia mama yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza wiki hii, akamwambia, "Mama, changanya ulezi kesho, tunakuja bila gari." Nimesikia mama anacheka huko.

Kesho tunapanda Coaster. Kuna mwenye nafasi ya mabegi mawili na kilo 50 za mchele mpaka Himo?

Mpare wa Mwanga

Mimi naanzia Ngaramtoni saa kumi na moja alfajiri, napita Sakina. Kuna nafasi ya mchele na watoto wawili. Mafuta msichangie.